Kiwanja Kilichokosa Kungwi

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, bali zamani ya juzijuzi, ndege zikiwa zimekwisha kuzoeleka, palikuwa na nchi ya milima. Mkuu wa Anga wa nchi ile alivigawa viwanja vya ndege makundi matatu, ili kila rubani ajue anakwenda kutua wapi.

Kundi la kwanza ni kwa mama yako: njoo asubuhi, njoo jioni, mlango uko wazi. Kundi la pili ni ukweni: hukanyagi mpaka ujifunze kwanza adabu za pale, upepo wake na vilima vyake. Kundi la tatu ni unyago: huingii bila kungwi. Rubani, hata awe na nishani mpaka magotini, sharti mara ya kwanza apelekwe na mtu aliyekwisha kutua hapo.

Sheria nzuri, mtasema. Nami nasema nzuri. Sasa ngojeni.

Juu kabisa, mawingu yanakopumzika, palikuwa na kijiji cha Ihelele. Barabara hakina. Mgonjwa hushushwa kwa machela, na mvua zikianza hata machela haishuki. Bi Sekela, manju wa ngoma za kijiji, alijifungua kwenye machela hiyo katikati ya pori, na binti akamwita Njiani. Basi watu wa Ihelele walishika majembe, wakauchonga mgongo wa mlima, wakapata kiwanja.

Na kiwanja chenyewe! Kimeinama kama paa la nyumba. Ndege itue ikipanda, iruke ikishuka. Mbele yake ni ukuta wa mlima, na kule chini, ndege inakoingilia, kuna jabali jekundu. Ukishalipita jabali lile hakuna kugeuka tena: unatua, upende usipende.

Mkuu wa Anga akakwea kwa miguu kuja kukitazama. Akahema, akajifuta jasho, akasema, "Kundi la tatu. Na ndege isipotua hapa kabla ya mvua, nakifuta."

"Basi tuletee rubani," wakasema.

"Rubani sharti aletwe na aliyekwisha kutua hapa."

"Lakini mkuu, kiwanja ni kipya! Nani amekwisha kutua hapa?"

"Sheria ni sheria," akasema, akashuka zake. Mnacheka? Wao hawakucheka. Waliyatazama majembe yao.

Kule mjini alikuwepo rubani kijana, Tumpale, binti mwenye mikono mitulivu. Aliposikia habari akasema, "Nitakwenda mimi." Akaingia katika ndege ya mazoezi, ile isiyotoka chumbani, akawekewa mlima wa Ihelele kwenye kioo mbele yake. Akaugonga. Akarudi, akaugonga. Akarudi tena, na tena, mpaka siku akaacha kuugonga. Mikono ikawa tayari, ila kungwi hana.

Na alikuwepo Kapteni Ambilikile, mstaafu, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mzee huyu alikuwa na sifa moja, nayo aliibeba kila arusi na kila msiba: "Mimi sijapotea angani hata mara moja." Marubani wote walikuzwa kwa sentensi hiyo.

Asubuhi moja akamkuta Tumpale anakunywa uji. Akakaa, akakohoa.

"Mwanangu, mimi nimetua Ihelele."

"Lini, baba?"

"Nilipopotea."

Siku hiyo ya ujana wake ukungu ulimzingira, akadhani yuko kwingine, akatua kwenye malisho juu ya mgongo ule ule wa mlima. Alipofungua mlango akalakiwa na ng'ombe. Akageuza ndege, akaondoka, akafunga mdomo. Hata mkewe hakumwambia. Sasa akaenda mbele ya Mkuu wa Anga na marubani wote, akayasema. Walicheka mpaka wakashika meza. Mzee akasimama pale pale mpaka wakachoka kucheka.

Mkuu akasema, "Aliyetua kwa kupotea naye ametua. Nendeni."

Wakaruka siku mawingu ya mvua yanaanza kujikusanya. Tumpale ameshika usukani, mzee yuko kando yake, haoni kitu, anakumbuka kila kitu. "Upepo wa jabali utakusukuma kushoto, usiuendekeze. Kiwanja kinachopanda kitakudanganya kwamba uko juu mno. Mwongo huyo! Usishuke." Tumpale hakushuka. Wakalipita jabali jekundu.

Hapo Tumpale akaona watu.

Ihelele mgeni hangojwi mlangoni. Hulakiwa njiani kwa ngoma, na kadiri mnavyomwendea mbali ndivyo mnavyomheshimu. Basi kijiji kizima, Bi Sekela mbele, kilikuwa kinaserebuka katikati ya kiwanja kuiendea ndege!

Kugeuka hakuna. Bi Sekela akainua macho, akaiona ndege inakuja na haina nia ya kusimama. Kupiga kelele? Ngoma zingeimeza. Lakini anajua jambo moja: kwenye ngoma, miguu humfuata manju, haiulizi. Akageuza wimbo, akakata kando, akaingia akicheza katika shamba lake mwenyewe la ulezi, ulezi umeiva, unangoja visu. Wakamfuata wapiga ngoma, wakamfuata akina mama, akamfuata mwenyekiti wa kijiji na fimbo yake. Ulezi ukalala chini kama mkeka.

Ndege ikapita, kofia zikapaa. Tumpale akainua pua ya ndege kuufuata mwinuko, magurudumu yakagusa, ikapanda, ikapanda, ikasimama chini ya ukuta. Vigelegele! Watu wakalia kwa furaha, nami ningelikuwepo ningelilia.

Mara redio ikakoroma. Mkuu wa Anga: "Hongereni. Kiwanja hakifutwi. Nipeni jina, moja tu, fupi. Na lisiwe Ihelele. Bondeni kuna kiwanja cha Ihelela, marubani watachanganya."

"Jina la aliyekifungua!" wakapaza watu. Ni nani?

Tumpale akasema, "Mikono ni yangu. Kumbukumbu haishushi ndege, wala wimbo haushushi ndege. Ningelitetemeka kidogo tu, leo mngeimba nyimbo nyingine."

Kapteni Ambilikile akasema, "Mikono mizuri ipo mingi, binti yangu. Bila mimi ungekuwa bado chumbani. Uzeeni nilikuwa na kitu kimoja tu, watu kusema sijapotea. Nimekitoa, na hakirudi."

Bi Sekela akajishika kiuno. "Nyie wawili, mngetua juu ya nani? Chakula cha watoto wangu kiko chini ya nyayo za kijiji kizima, na hakuna hata mmoja aliyesema pole!"

Mwenyekiti akadakia, "Lakini mama, si wewe uliyetuongoza kiwanjani?"

"Ni mimi, na ni mimi niliyewatoa. Kapteni naye alipotea, mbona mnampigia vigelegele?"

Watu wakacheka, wakagawanyika. Wengine huku, wengine kule, wengine wanazunguka wakiitikia kila upande.

Haya, nyie mlioketi. Matone ya kwanza yanaanguka. Machela iko tayari mlangoni mwa ndege, mjamzito juu yake anaguna, safari hii hatazalia porini. Tumpale hawezi kuruka mpaka atamke jina la mahali anapotokea. Ameshika kipaza sauti, na wote wanamtazama mdomoni.

Je, atamke jina la nani?