Ngiri na Vikapu Saba Visivyotosha

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika kama ana homa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo kale, kabla mbwa hajahamia kwa watu, wanyama wa Bonde la Ukwaju walikuwa na kisima kimoja tu. Kisima chenyewe cha mchangani. Leo unachimba, kesho mchanga umekifukia. Fundi wa kukichimba alikuwa Ngiri. Fuku, fuku, fuku, kwa meno yake marefu, maji hayo! Wakamfanya Waziri wa Kisima. Wakampa mshahara wa vikapu saba vya mabungo kila wiki, kimoja kwa siku. Hakuna mnyama aliyepata hata nusu yake.

Asubuhi moja Ngiri akawaita wote. Akasema anaacha kazi. Mshahara hautoshi, na Kiboko wa ng'ambo kamwahidi vikapu kumi.

Wanyama wakaguna. Kindi akashtuka kuliko wote, maana alikuwa na watoto watatu wachanga, na mama asiyekunywa maji hana maziwa. Lakini Kindi huyo, jamani, mdadisi! Hofu imemjaa, na bado anataka kujua. Vikapu saba vinakwenda wapi? Ngiri si ana tumbo moja? Akamwomba angoje siku mbili tu. Ngiri akakubali kwa shingo upande.

Siku ya kwanza Kindi akamfuata nyuma nyuma, chaka, chaka, chaka. Akamwona anachimba. Akamwona anabeba kikapu chake. Swala akapita.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba."

Pu! Bungo likaanguka miguuni pa Swala. Nungunungu akapita, akaamkia vivyo hivyo. Pu! Nyani akapita, akazunguka kichaka, akapita tena kama mgeni. Pu! Pu! Maana mila ya bonde lile ilikuwa hivi: mheshimiwa haitikii mkono mtupu. Jua halijafika utosini, kikapu kitupu.

Kumbe! Kindi akacheka mpaka akakaa chini. Akaenda mlango kwa mlango, akawasihi kesho wasimwite mheshimiwa. Wamwamkie kwa adabu, ila wamwite Ngiri, jina alilopewa na mamake. Nyani akanung'unika sana. Lakini kiu haina ubishi, akakubali.

Siku ya pili Swala akapita. "Shikamoo, Ngiri."

Ngiri akangoja, labda kuna neno limebaki. Halikubaki. Nungunungu naye, shikamoo Ngiri. Nyani naye, mara moja tu, akaenda zake. Hakuna pu hata moja. Alasiri kikapu kimejaa vilevile. Kindi akamkimbilia kwa furaha.

"Ngiri, tazama! Halijapungua hata bungo moja. Mshahara unatosha. Baki nasi."

Ngiri akakitazama kikapu. Akamtazama Kindi. Machozi yakamlengalenga.

"Mnaniita Ngiri," akasema, "kama ngiri yeyote."

Akajitwisha kikapu chake, akavuka kwenda kwa Kiboko.

Maskini Kindi! Jibu amelipata, maji hana. Watoto wanalia. Akaingia kisimani. Kwa siku mbili alikuwa ameona Ngiri anachimba wapi na vipi. Kwacha, kwacha, kwa vidole vile vidogo. Mchanga ukaporomoka. Akachimba tena. Swala akaja na kwato zake, Nungunungu akaja, hata Nyani akaja, akilalamika njia nzima. Maji yakachuruzika, machache, ya tope. Kindi akanywa, akakimbia kunyonyesha.

Na Ngiri? Huko ng'ambo wamemwita mheshimiwa siku ile ile aliyofika. Nasikia vikapu kumi navyo havimtoshi.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ni haya: mshahara hulisha tumbo, ila anayenunua sifa hashibi kwa mshahara wowote.

Hadithi yangu imeishia hapo, kisimani. Mwenye kiu na ainame, anywe.