Mkate wa Mwisho wa Bi Tupokigwe

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole, maana hadithi yangu ni ya mkate na haina mwisho mzuri. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba nimemharibia chakula. Ninachotaka kwenu ni jibu tu. Mimi nimelitafuta mpaka nimechoka.

Juu kule milimani kwenye baridi na ukungu, ukishapita mashamba ya chai, kulikuwa na mtaa unaoitwa Mabatini, na mtaani hapo kulikuwa na tanuri la mikate la Bi Tupokigwe. Tanuri la matofali, la kuni, si haya ya kubonyeza. Wafanyakazi wake walikuwa watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Ambakisye alipewa pua. Yeye ndiye mlezi wa chachu. Alikuwa akifungua chungu, akinusa mara moja, anakwambia donge litaumuka saa ngapi, na hakosei.

Sekela alipewa mikono. Unga ukipita kwake, hata ungekuwa wa daraja la mwisho, ulitoka laini kama shavu la mtoto. Alikanda huku anapiga umbea, haangalii hata anachofanya.

Mzee Lugano alipewa ngozi. Kipimajoto hakuwa nacho. Aliingiza mkono mtupu tanurini akahesabu, na akifika kumi na mbili kabla hajautoa, alisema, "Leteni." Vinyweleo vya mkono ule viliisha zamani, lakini mkate ulioungua pale hakuna aliyewahi kuuona.

Na hakuna aliyejua kazi ya mwenzake, jamani. Ambakisye akikanda ni vichekesho. Sekela moto anauogopa. Mzee Lugano ukimpa chachu atakuuliza ni uji wa nani.

Sasa, kanisani kwetu kila Julai kuna Sikukuu ya Shukrani ya Mavuno. Watu hupeleka mahindi, ndizi, maharage, kuku, kila mtu alichojaliwa. Lakini kitu cha kwanza kuwekwa madhabahuni kilikuwa mkate wa Bi Tupokigwe, mkubwa wa kubebwa na watu wawili, na baada ya ibada ulimegwa, kila mtu akapata kipande. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na minne.

Mwaka huo mvua ilipitiliza. Maharage yalioza shambani, mahindi yakaota ukungu yakiwa bado kwenye mabua. Tukiwa bado tunalia na hilo, wakaja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye ukuta wa tanuri. Bi Tupokigwe alizunguka ofisi zote. Kote aliambiwa, "Mama, upo ndani ya hifadhi ya barabara." Siku ya kubomoa ilipangwa Jumatatu, kesho yake ya Shukrani.

"Sawa," akasema. "Kama ni kufa, tanuri langu halitakufa na njaa. Mkate wa Shukrani tutaoka."

"Shukrani ya nini, bibi?" Sekela akamuuliza. "Mwaka huu tumepata nini?"

"Sijui, mwanangu. Wewe kanda tu."

Lakini ile X ilikuwa imeshatangulia mbele yao. Duka lililouza hamira lilibomolewa wiki moja kabla. Mita ya umeme iling'olewa, mashine ya kukandia ikabaki pambo. Na Bi Tupokigwe mwenyewe alifanya kosa ambalo kila mwenye X ukutani hulifanya: aliwahi kuezua mabati ya banda la kuni ili ayaokoe, akidhani mvua imekwisha. Ikanyesha siku nne mfululizo. Kuni zote chepechepe.

Basi hamira hakuna, mashine hakuna, moto hakuna. Zilibaki siku tatu.

Ambakisye alikuwa na chungu kimoja cha chachu ya kizamani, ya ndizi mbivu na unga. Baridi ile ingeiua kwa asubuhi moja. Akajifunga chungu tumboni, akavaa sweta juu yake, na koti juu ya sweta. Akina mama bombani walimtania. "Kaka Ambakisye, mimba ya miezi mingapi?" Naye anajibu, "Saba, na kinapiga mateke." Siku ya pili ikaja habari kwamba baba yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, amefariki. Mazishi kesho, kijijini, juu zaidi kwenye baridi zaidi. Mnasema angemwachia mtu chungu? Amwachie nani? Chachu ya namna ile inalishwa kila inapobadilika harufu, na harufu yenyewe aliijua yeye peke yake. Alikaa kwenye gunia la unga, akakumbatia chungu, akalia. Hakwenda. Na kwao, asiyetupa udongo kwenye kaburi la aliyemlea hana tena nyumbani. Ndugu zake walituma ujumbe mfupi: "Sasa usije, na baadaye pia usije." Chachu ikaumuka, povu hadi mdomoni mwa chungu.

Sekela alikuwa amevunjika kiwiko cha mkono wa kulia mwezi Mei, aliteleza kwenye tope. Tangu hapo alikuwa na plasta ngumu, na mashine ndiyo iliyomfichia aibu. Daktari alimwambia avumilie wiki mbili zaidi. Ilipofika siku ya kukanda, Sekela alichukua kisu cha mikate, akaikata ile plasta mwenyewe, akakunja mikono ya gauni. Kilo ishirini za unga. Alikanda tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakutoa umbea hata wa mtu mmoja.

"Leo kulikoni?" Bi Tupokigwe akamuuliza. "Mtaa mzima umekuwa na adabu?"

"Umbea umeisha, bibi," akasema, na jasho linamdondoka kidevuni.

Donge lilitoka kama siku zote. Mkono haukutoka kama siku zote. Ulivimba, na ulipopungua, vidole vitatu vilikataa kukunjika. Daktari alipouona alisema utabaki hivyo hivyo. Leo Sekela hawezi kushika kikombe cha chai.

Mzee Lugano alizitazama kuni zilizoloa, akaondoka kwenye mvua ile ile, akarudi amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Akaupasua. Akarudi tena na kitanda. Safari ya tatu alileta boriti za paa la chumba chake, zilizokaushwa na moshi miaka ishirini.

"Mzee, utalala wapi?" Ambakisye akamuuliza.

"Kwani kuna mtu amenisikia nasema nina usingizi?"

Akawasha. Matofali yalipopata joto, aliingiza mkono, akahesabu hadi kumi na mbili. "Leteni," akasema.

Jumapili mkate ulitangulia kama kawaida. Nyuma yake vilikuja vikapu vya mahindi meusi, kuku mmoja, na maharage ya kujaza kofia. Mchungaji aliangalia vile vikapu, akaangalia mkate mpaka watoto wakaanza kukohoa. Baada ya ibada ukamegwa. Mimi kipande changu nilikila nikilia, na sioni haya kusema. Sijawahi kula mkate mtamu kama ule, na hapo ndipo nikajua sitaula tena.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni, Bwana Mwaisumo, mkuu wa jiko la chuo kimoja huko bondeni. Alitafuna, akaacha kutafuna, akauliza kwa sauti, "Nani ameoka huu?"

Kwetu, mtu akiulizwa kuhusu kazi nzuri hajitaji. Ni utovu wa adabu, hata ungekuwa umeifanya peke yako. Basi Ambakisye akasema, "Ni dada Sekela huyu." Sekela akasema, "Mimi? Ni Mzee Lugano." Mzee Lugano akacheka, akamwonyesha Ambakisye kwa kidole. Watu wote wakacheka. Tulifurahi kidogo, siku ile yote ni hapo tu tulipofurahi.

Mgeni hakucheka. "Mnanipa shida," akasema. "Nina nafasi ya mwokaji mmoja. Kazi ya kudumu, chakula, na chumba cha kulala. Nilitaka nimchukue leo leo huyo aliyeoka." Akamgeukia Bi Tupokigwe. "Bibi, tanuri ni lako. Naondoka saa tisa. Nitajie jina moja."

Kicheko kikakatika. Sekela akauficha mkono ndani ya kanga.

"Ningejua ndicho anachoulizia," Sekela akasema taratibu, na hakumalizia.

Bi Tupokigwe akawachukua wote watatu nyuma ya kanisa. "Nisaidieni, wanangu. Mmoja wenu aseme, huyu aende, mimi nabaki. Kama mlivyosema pale ndani."

Watu wale wale ambao muda mfupi tu walikuwa wanarushiana sifa, sasa mmoja aliangalia viatu, mwingine aliangalia bati la kanisa. Msiwaone wabaya. Kesho tanuri linabomolewa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kwenda.

"Ambakisye," bibi akasema, "bila wewe ule ungekuwa ni jiwe. Na ndugu umewapoteza."

"Ndiyo, bibi."

"Lugano, bila wewe tungekula unga mbichi. Na nyumba huna."

"Sina."

"Sekela, bila wewe usingekuwepo mkate." "Nikikutaja, watagundua kesho kutwa tu kwamba huwezi kukanda. Nisipokutaja, nani mwingine duniani atakupa kazi na mkono huo?"

Sekela alikuwa analia bila sauti.

Saa tisa Bwana Mwaisumo alifungua mlango wa gari, kalamu mkononi. Wale watatu walisimama kando ya ukuta, wamepangana, macho yote kwa bibi. Bi Tupokigwe akavuta pumzi, akataja jina.

Jina hilo nalijua, nilikuwa karibu. Sitawaambia. Nitawaambia tu kwamba greda lilikuja Jumatatu saa mbili asubuhi, na matofali yalipoanguka bado yalikuwa na joto ndani. Na kwamba tangu siku ile Bi Tupokigwe haweki mkate mdomoni. Ukimwandalia, anausogeza kando na kuomba kiazi.

Msiniambie wangeenda wote, nafasi ni moja na kitanda ni kimoja. Msiniambie wangepiga kura, kura walishapiga, na kila mmoja alipata moja. Msiniambie mngekataa kutaja, maana gari lingeondoka tupu, na wote watatu wangelala nje.

Haya, wewe unayejifuta makombo midomoni. Kalamu iko wazi na gari linanguruma. Ungemtaja nani? Na unapolitaja jina lake, usiniangalie mimi. Waangalie wale wawili wengine.