Kwa Nini Fingo la Kaya Yetu Halionekani

Mmeniuliza, wajukuu zangu, na kwa kuwa leo mnakuna nazi bila kuila, nitawajibu. Mnataka kujua kwa nini fingo letu halionekani, na kwa nini mtu wa kwetu akitaka kuaminiwa huvua viatu, akaweka kiganja ardhini, akanyamaza.

Zama hizo fingo lilikaa peupe. Lilikuwa chungu cheusi chenye dawa ambazo wazee wetu walikuja nazo walipohama, wakakiweka langoni kilinde kaya, kijiji chetu cha msituni, dhidi ya maradhi na maadui. Kila aendaye kisimani alilipita. Basi mazoea yana tabu. Watu wakaanza kuliapia kwa kila upuuzi. "Haki ya fingo, kuku wako sikumwona!" Na manyoya yamejaa mlangoni pake. Mgema naye, "Haki ya fingo, tembo langu halina hata tone la maji!" Na mikono bado imelowa maji ya kisima.

Mwanamke mmoja tu hakuapa. Aliitwa Mbodze, mjane mwenye binti mmoja, Kadzo. Siku moja Kadzo, akiwa mdogo, aliapa kwa fingo kwamba hakulamba asali. Mbodze alimfuta midomo, akamwambia, "Mwanangu, kitu kinachotulinda sote hakitumwi kwenye asali. Ukiwa na la kweli, weka mkono chini, ardhi ikusikie. Inatosha."

Kadzo alikua, akaolewa mbali, ng'ambo ya mito. Miaka ikapita, ukame ukafunga njia, na Mbodze akapofuka. Kila jioni aliketi kizingitini akiuliza kama kuna mgeni. Majirani walimhurumia sana. Hawakuwa watu wabaya, msiwafikirie vibaya. Lakini huruma yao ilikuwa na ulimi mrefu. "Haki ya fingo, mama, Kadzo yuko njiani." Mbodze alikuwa akifagia, akipika, akingoja, kisha akilala njaa kwa uchungu. Mwisho akaacha kufagia. Akaanza kukataa uji, na watu wakajua kwamba anajiachia aende.

Ndipo Kadzo akaja kweli, na mtoto mgongoni. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa homa ya safari, na maneno yake yalikuwa na lafudhi ya ukweni.

"Mama, ni mimi."

Mbodze, pale kitandani, akageuza uso ukutani. "Nendeni. Leo mmeniletea hata mtu wa kuigiza."

Majirani wakaingia mbio. "Haki ya fingo, safari hii ni yeye!" Kadiri walivyoapa, ndivyo yule mama alivyojikunja. Mgema ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa zaidi, kisha akasikia maneno yake mwenyewe, akatoka nje akilia. Walikuwa na la kweli mkononi, na hawakuwa na pa kuliweka.

"Apa na wewe, Kadzo!" wakamsihi. "Apa haraka, atakufa bila kukujua!"

Kadzo akatikisa kichwa. Akavua viatu. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama yake, akaushusha taratibu mpaka sakafuni. Juu ya udongo ule, kando ya mkono ule, akaweka kiganja chake. Hakusema neno.

Vidole vya Mbodze vikatambaa, vikagusa vya mwenziwe, vikavishika.

"Hukuapa," akasema.

"Ulinikataza, mama."

Mbodze akacheka, na machozi yakamtoka. Akaomba mtoto awekwe kifuani pake. Akauliza jina lake, akaambiwa ni Mbodze. Jioni hiyo alikunywa uji, akaomba wa pili.

Usiku haujaingia, wazee walilibeba fingo lile, mgema akiwa mbele na jembe, wakalizika ndani ya msitu wa kaya. Hawakumwambia mtu mahali.

Na tangu siku hiyo fingo letu halionekani wala halitajwi ovyo. Mtu wa kwetu mwenye la kweli huweka kiganja ardhini akanyamaza, kwa kuwa hakuna ajuaye fingo liko wapi, na huenda liko papo hapo chini ya mkono wake. Nasi tunamwamini.

Haya, nani amekula nazi ya kifuu hiki? Msiniapie. Wekeni mikono chini.