Tao la Lango la Kusini

Hapo zamani, mafundi walipokuwa bado wanachora majengo mchangani, palikuwa na mji wenye desturi moja ngumu. Tao likishajengwa, aliyelichora husimama chini yake wakati miti iliyolishikilia inang'olewa. Likianguka, linamwangukia yeye. Likisimama, jina lake linachongwa kwenye jiwe la juu, wajukuu wa wajukuu walisome.

Bi Mize, fundi mkuu, alifariki kabla hajachora lango la kusini. Aliacha mlinganyo tu, aliomwambia bintiye Tufaha kitandani: "Kimo ni tisa, toa umbali kutoka katikati mara umbali huohuo." Basi. Akafumba macho.

Tufaha akayapeleka maneno yale kwa wanafunzi wawili wa mama yake, bila kupunguza wala kuongeza.

Ngwali akashika vigingi. "Katikati umbali ni sifuri, kimo dhiraa tisa. Sogea moja, nane. Sogea mbili, tano. Sogea tatu, sifuri, tumefika chini!" Akachomeka kigingi kila nukta, kulia na kushoto, akaviunga kwa kamba. Lo! Likatoka tao lenye viwiko, limechongoka juu kama paa la banda.

Mwanamvua akacheka. "Kaka Ngwali, na baina ya vigingi je? Sogea nusu tu. Nusu mara nusu ni robo, kimo ni tisa kasoro robo. Huko juu hakuna ncha, kumelala!" Akaitupa kamba, akashika kijiti. Mstari ukapanda, ukatulia juu, ukashuka, ukipita kwenye kila kigingi. Jamani, maneno machache vile, kumbe umbo lote lilikuwa humo ndani linangoja mkono! Mimi nikisimulia hapa bado mwili unanisisimka.

Lango likajengwa. Siku ya kung'oa miti ikafika.

"Aliyechora asimame," wakasema wajenzi.

"Kachora Mwanamvua," Ngwali akasema upesi.

"Mimi nimepitia nukta zako tu, kaka," akajibu Mwanamvua, huku anarudi nyuma.

Tufaha akapita kati yao, akasimama chini ya tao. "Mama hakuwahi kunidanganya. Ng'oeni."

Wakang'oa. Vumbi likatimka, watu wakafumba macho. Walipofumbua, tao limesimama, na Tufaha chini yake analia.

Hapo ndipo ndimi zilipofunguka.

"Nukta ni zangu," akasema Ngwali. "Bila nukta angepita wapi?"

"Mstari ni wangu," akasema Mwanamvua. "Kwa kamba yake tungezikwa."

"Mimi sikuchora kitu," akasema Tufaha. "Lakini mlipokimbia nilisimama. Na aliyeliona tao hili kabla yetu sote yuko kaburini."

Wajenzi wakaiweka patasi chini. Jiwe la juu likabaki tupu.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, patasi hii hapa, nawapa. Je, nani alistahili? Mngechonga jina la nani?