Kitako cha Chungu cha Pelele

Paukwa!
Pakawa!
Chungu?
Cha udongo!
Kaa?
La moto! Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Mbweha, askari wa Mfalme Chui, alipiga hodi kwa Pelele, binti mfinyanzi.

Katika nchi ile, moto ukikuzimikia, unaomba kaa kwa jirani. Unarudi na kaa, unarudi na habari. Ndivyo wote walivyojua watoto wa mbuzi wanapotelea kwa nani. Chui akakasirika. Akamwagia maji meko ya Kima. Kima akaomba moto kwa Nguchiro. Chui akamwagia ya Nguchiro. Nguchiro akaomba kwa Kanga. Wanyama wakacheka: “Moto si wa mtu! Moto si wa mtu! Moto si wa mtu!”

Pelele hakucheka. Kaa hubebwa kwa chungu, na vyungu vyote vilitoka mikononi mwake.

“Binti,” Mbweha akasema, “mfalme hana ugomvi na moto. Ila kuanzia kesho, kila chungu ukitoboe kitako.”

“Makaa yataanguka njiani, afande!”

“Hayo ni ya makaa. Ukikataa, shimo la udongo tunaliziba. Na mfalme atakuja kuomba moto mwenyewe, hapa kwako.”

Pelele akakimbilia kwa Kima.

“Shoga, unatetemeka nini?” Kima akacheka. “Moto si wa mtu!”

“Na chungu, shoga? Chungu ni cha nani?”



Pelele akarudi, akashika kijiti cha kutobolea. Akakisogeza, akakirudisha. Akakisogeza, akakirudisha. Akakisogeza, akakivunja.

Asubuhi Mbweha akakuta vyungu havijatobolewa, akaliziba shimo kwa miiba. Pelele akaenda kwenye kichuguu, kando ya njia ya mtoni ambako kila mtu hupita, akamega udongo, akaulowesha, akaketi peupe.

“Nani anajua kufinyanga?”

“Wewe tu,” wanyama waliokuwa wakipita wakajibu.

“Basi ketini.”

Kima akaketi wa kwanza. Chungu chake kilipinda kama mdomo wa Fisi.

“Hicho ni chungu au kiatu?” Nguchiro akauliza, naye akaketi.

Kule juu ya njia, Mbweha alikuwa anakuja, na nyuma yake kivuli chenye madoa. Pelele hakuinua macho.

“Kitako kwanza,” akawaambia. “Kifanyeni kinene.”

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye chungu na achukue kaa.