Siku Tai Alipokaguliwa Mabawa

Paukwa!
Pakawa!
Anga?
Pana!
Njia?
Nyembamba!
Basi sogeeni, mshikane mikono, maana njia yenyewe inapita katikati ya kucha.

Hapo kale ndege wa nchi zote walikutana ziwani, wakala kiapo. Wakasema: kila nchi ina mamlaka juu ya anga lake. Lakini msafiri mwema apewe njia, apite salama. Na mabawa ya msafiri yaliyokaguliwa nchini kwake, yakubaliwe na kwa wenzake. Huo ukawa mkataba wao. Kisha kila mmoja akarudi kwao kutunga sheria ya nchi yake, ili mkataba upate meno.

Huko milimani, Tai akaupa kucha.

Tai alikuwa na nguvu. Tai alikuwa na ulafi. Akatangaza: "Kila arukaye katika anga langu atue, akaguliwe mabawa. Asiyekaguliwa haruki!" Sheria yenyewe ilifanana na za wenzake. Ila kwa wenzake, msafiri akishakaguliwa huenda zake. Kwa Tai waliingia, hawakutoka.

Na milima ile ilikuwa na pengo moja tu la kupitia.

Mbayuwayu alifika hapo na mdogo wake, wakikimbia baridi ya kwao. Mdogo mtu alikuwa mbele. Mara sauti ya Kunguru, tarishi wa Tai, ikatoka mwambani: "Tua! Tua! Anga hili lina mwenyewe!"

Mdogo mtu akatua. Alikuwa mtiifu.

Kimya.

Kisha upepo ukaleta manyoya madogo, fu, fu, fu. Mbayuwayu aliyajua manyoya yale. Alijibana kwenye ufa wa jiwe, hata kulia akaogopa. Nyuma baridi inaua. Mbele Tai anaua. Akakaa pale mpaka baridi ikaanza kumfuata ufani, ndipo akatoka.

"Tua! Tua! Anga hili lina mwenyewe!"

Akatua. Pale mwambani palinuka damu.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba. Nyoosha bawa, binti, nikukague."

Ukucha ukamgusa shingoni, baridi kama jiwe la mtoni. Lakini ulimi wa Mbayuwayu ukapata njia. "Nikague, baba. Ila watu wa ziwani watasikitika."

"Watu gani?"

"Korongo na wenzake. Samaki perege wamejaa ziwa mpaka wanarukia nchi kavu. Wanene! Wamenituma nikualike, ule usaze."

Tai akameza mate, gudu! "Naenda sasa hivi!"

"Mpakani utapitaje, baba? Mkataba wataka mabawa ya msafiri yakaguliwe nchini kwake kwanza. Korongo ni wengi, na midomo yao ni mikuki. Wewe umekaguliwa na nani?"

"Mimi ndimi mkaguzi!"

Mbayuwayu akamgeukia Kunguru. "Sheria ya nchi yasemaje?"

Kunguru alikuwa amezoea kukariri bila kufikiri. "Kila arukaye akaguliwe! Asiyekaguliwa haruki!"

"Na mkaguzi aweza kujikagua?"

"Mganga hajigangi," akasema Kunguru, kisha akajuta.

Tai akamtazama Kunguru kwa jicho baya. Lakini tumbo lilikwisha kusikia habari za perege. "Haya, nikague wewe, upesi! Halafu nami nikukague." Akacheka, kho, kho, kho.

Mbayuwayu akampanda mgongoni. Tai akijitikisa tu, Mbayuwayu amekwisha.

"Unyoya huu umechakaa, baba. Niung'oe?"

"Ung'oe!"

Nyofo!

"Na huu umepinda. Niung'oe?"

"Ung'oe! Perege watakwisha!"

Nyofo!

Akaenda bawa la kulia, akaenda bawa la kushoto. Manyoya mafupi akayaacha. Yale marefu, yanayobeba upepo, nyofo! nyofo! nyofo!

"Mbona upepo unapenya?" Tai akauliza ghafla.

Mbayuwayu akajibu, "Ni... ni wepesi, baba. Safari ndefu yataka wepesi."

Tai akanoa domo lake jiweni. Kisha akasema polepole, "Nimekwisha kukaguliwa. Sasa zamu yako."

Akageuza shingo, domo kwaa! Mbayuwayu akajitupa ukingoni mwa jabali. Tai akajitupa nyuma yake, kucha mbele. Akapiga mabawa: pwa, pwa! Upepo haukumshika. Akapita kama gogo, akimwangalia Mbayuwayu kwa macho yaliyotoka, mpaka chini kabisa kwenye mawe.

Puu!

Kunguru akachungulia bondeni. "Ametua," akasema.

Mbayuwayu hakutazama chini. Aliruka moja kwa moja hadi akavuka mpaka. Korongo walipomuuliza amesafiri na nani, alijibu, "Na mdogo wangu," kisha akaficha uso chini ya bawa. Na mpaka leo, mbayuwayu wakifika pengo lile hupita chini chini, kimya, bila kugeuka.

Funzo lake ni hili, wanangu: mfalme asithubutu kuifuata sheria aliyoitunga mwenyewe. Tai aliivunja kila siku, akashiba kila siku. Akaitii mara moja tu, na yaliyompata mmeyasikia.

Hadithi yangu imekoma hapa. Tamu yake mgawane. Chungu yake niachieni, niimeze mwenyewe.