Kibali cha Mzee Kasubi

Apigaye hodi kwake, nyumba si yake. Mmenisikia nikimwambia baba yenu hivyo, naye akacheka badala ya kuwaeleza, ndiyo maana mmenijia mimi shangazi yenu. Haya, kaeni. Maneno haya hayakuachwa na wahenga wa kale. Nilikuwapo yalipozaliwa, sebuleni kwetu Tabora, na aliyeyasema ni babu yenu, Mzee Kasubi.

Babu yenu aliendesha treni ya Kigoma miaka thelathini na moja. Msaidizi wake alikuwa Mzee Ntakije, Muha wa Kasulu, mtu wa maneno mengi. Walipostaafu, babu yenu akawa mtu wa kukaa barazani na saa mkononi. "Sasa hivi wanaingia Urambo," husema, na hakuna aliyemuuliza. Nilimhurumia sana. Nilipopata kazi Dar nikamnunulia kompyuta na gemu ya kuendesha treni, sidii halisi ndani ya boksi lake, si ya kunakili.

Gemu yenyewe haikufunguka hivi hivi. Ilitaka namba ndefu iliyokuwa kwenye kadi, tena ithibitishwe kwa intaneti, na wakati ule intaneti ilikuwa mjini tu. Tukaifunga kompyuta kwa kanga mbili, tukaisukuma kwenye mkokoteni hadi kwa Zuhura mwenye duka la intaneti. Namba ikakubaliwa. Babu yenu akapiga honi mara moja, akacheka mpaka machozi, kisha akazima.

"Safari ya kwanza namngoja Ntakije," akasema.

Halafu akafanya kosa ambalo ni dereva wa treni tu angelifanya. Enzi zao treni haikuingia kipande cha njia mpaka mkuu wa stesheni amkabidhi dereva tokeni, chuma kidogo cha kibali. Akifika stesheni ya mbele huirudisha, ili mwingine naye apite. Basi babu yenu akampa Zuhura ile kadi: "Nimeshapita. Mpe anayefuata." Mimi nilikuwa nje nahangaika na kanga, sikuona.

Baada ya mwezi Ntakije akapiga simu. Anapita Tabora kwenda Dar kupasuliwa macho. Jicho la kushoto lilikwisha kupofuka, la kulia daktari hakuahidi kitu. Angekuwa nasi Jumamosi moja tu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja na modemu ya intaneti. Babu yenu akaipiga pasi sare yake ya kazi.

Asubuhi ile wakakaa kwenye viti viwili, dereva kulia, msaidizi kushoto. Nikawasha. Badala ya reli likaja dirisha jeupe lenye Kiingereza.

"Linasemaje?" babu yenu akauliza.

"Linataka uthibitishe tena kwamba gemu ni yako, baba. Naomba ile kadi."

"Kadi nilirudisha."

"Ulirudisha wapi?"

"Kwa Zuhura. Tokeni ikishatumika si hurudishwa?"

Nilikimbia mjini. Zuhura akashangaa. "Si mzee mwenyewe alisema nimpe anayefuata? Nimempa kijana mmoja mwenye sidii ya kunakili. Anacheza vizuri tu!" Akampigia, akaninakilia namba, nikarudi nikihema. Nikaiandika. Dirisha likajibu kwamba namba hiyo tayari ina mwenyewe, kwenye kompyuta nyingine.

"Mwenyewe si mimi?" babu yenu akasema. Hakupaza sauti. "Tokeni niliiomba miaka yote bila kinyongo, kwa sababu njia ilikuwa ya watu wote. Hii ameninunulia mwanangu, iko sebuleni kwangu. Apigaye hodi kwake, Ntakije, nyumba si yake."

Nililia, siwafichi. Ntakije ndiye aliyenitoa aibu.

"Zima hilo dude, binti yangu. Kasubi, tumechelewa dakika arobaini. Taa?"

Babu yenu akaitazama saa yake. "Kijani," akasema.

Wakaondoka. Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, bila kuruka hata kona moja, mbele ya kioo cheusi. Ntakije akitaja ya dirisha la kushoto: kina mama wa asali, shule yenye bati jekundu, daraja la Malagarasi. Babu yenu akipunguza mwendo panapopunguzwa. Chakula kikapoa mezani, hakuna aliyethubutu kuwaita.

"Ziwa lile," Ntakije akasema mwishoni.

"Naliona," babu yenu akamjibu.

Upasuaji haukufaulu. Ntakije aliishi miaka sita mingine gizani, na kila akipiga simu aliulizia ile safari, siyo zile za kweli.

Sidii ninayo bado, haina hata mkwaruzo. Waliokuwa wakithibitisha namba walishafunga milango, hata ukibisha hakuna wa kuitika. Kwa hiyo mkiletewa kitu mkaambiwa ni chenu, ulizeni kwanza ufunguo anao nani. Apigaye hodi kwake, wanangu, nyumba si yake.